Mti mmoja wa maua kwa ua wa mita 7 kwa 9

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimemaliza kujenga Kinyerezi, Dar es Salaam. Kiwanja ni mita 20 kwa 20, na nyumba pamoja na mabanda ya nyuma vimekula karibu chote. Mbele kumebaki mita 7 kutoka barazani hadi ukuta wa barabara, na upana ni mita 9. Baraza linatazama magharibi, kuanzia saa tisa mpaka jua kuzama hapakaliki. Ukisimama mlangoni ukatazama barabara, kulia kwenye kona kuna karo la choo, kushoto kuna geti, na juu ya geti unapita waya wa umeme kutoka kwenye nguzo. Nataka mti mmoja tu: uwe wa maua, uwe na kivuli cha kukaa watu wanne watano, usibomoe ukuta. Mke wangu anataka mkrismasi. Fundi wa bustani anasema nipange miashoki. Mama anasema mti usiozaa ni hasara, nipande mwembe. Tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka minne. Nipande upi?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa kuhamia kwako. Panda plumeria, ambayo wauza miche wengi wanaiita franjipani. Chukua ile ya ua jeupe isiyopukutisha majani, mti mmoja, mita 3 kutoka ukuta wa barabara na mita 4 kutoka ukuta wa upande wa geti. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, na mengine yatakusaidia kujieleza kwa mama na kwa shemeji, maana naona wanaougombea huo ua ni wengi kuliko nafasi yenyewe.

Watu wengi huchagua mti kwa kuangalia ua. Wanauona umechanua kwa jirani, au wanakuta kitaluni mche wa kimo cha goti umetoa kishada kimoja, wanalipa na kuondoka nao. Mimi huanzia upande wa pili: mti huo ukishakomaa utakuwa umetanda mita ngapi, na mizizi yake itakuwa imefika wapi. Ua naliuliza mwisho. Hapa pwani hata ukishachuja kwa upana na kwa mizizi, maua ya kuchagua bado yanabaki tele.

Tuupime ua wako basi. Waya umeshachukua upande wa kushoto, na gari nalo lazima lipite hapo kutoka getini. Karo limechukua kona ya kulia. Siku gari la majitaka litakapokuja, mfuniko utafunguliwa na mpira utaburuzwa, kwa hiyo juu ya karo na kando yake usiweke kitu chenye shina. Ukitoa hayo, kinachobaki ni duara lenye upana wa kama mita 5 ambamo matawi yanaweza kutanda bila kugusa bati, bila kufika kwenye waya na bila kumwagikia barabarani. Mtu akikutajia mti wowote, muulize tu: ukikomaa unatanda mita ngapi?

Mkrismasi unatanda mita 10, mara nyingi 12 na zaidi. Shemeji hajakosea kuupenda. Mwezi wa kumi na mbili ukipita mjini unaona kabisa kwa nini mti huu uliotoka Madagaska umefanywa wa kwetu. Lakini kwa mita 12, shina likiwa katikati ya ua wako, matawi yatakuwa juu ya bati upande mmoja na juu ya barabara upande mwingine, na waya utakuwa ndani yake. Mafundi wa umeme wakija kukata hawaangalii umbo. Wanakata upande uliogusa waya wanaondoka, na mti unabaki umeelemea upande mmoja. Mizizi ya mkrismasi ni minene na inatambaa karibu na uso wa ardhi. Nenda popote penye mkrismasi mzee karibu na pevingi, utaona vitofali vilivyoinuka.

Kuna na kero ndogo ambayo hakuna anayekwambia kabla hujapanda. Jani moja la mkrismasi lina vijani vidogo mamia, na kila kimoja huanguka peke yake. Ufagio wa chelewa hauvishiki, vinapita katikati ya njiti. Vinajaa kwenye gata, vinaoza, na kama unavuna maji ya mvua, vinaishia kwenye tanki. Wenye viwanja vikubwa hawajali. Wewe bati lako liko mita 4 tu kutoka kwenye shina.

Kwa hiyo mweleze shemeji kwamba upo mmea wa ukoo uleule mpana wa mikunde, ua lake linafanana sana na la mkrismasi kwa rangi na kwa umbo, lakini wenyewe kwa kawaida hauzidi mita 3: Caesalpinia pulcherrima. Kuna wanaouita mkrismasi mdogo. Unachanua karibu mwaka mzima, jekundu lenye kingo za njano, na kuna aina ya njano tupu. Una miiba kidogo, kwa hiyo uwekwe kando ya ukuta wa barabara, si pale watoto wanapokimbizana. Miwili inatosha. Shemeji atapata rangi yake na wewe utabaki na ukuta wako.

Miashoki. Fundi wako hajasema uongo: mti huu hausumbui sana kwa mizizi, unakua wima, na ukipangwa kwenye ukuta unapendeza. Lakini wewe umetaka ua na kivuli, na mwashoki hauna hata kimoja. Maua yake ni ya kijani hafifu, mtu anaweza kukaa nao miaka asiyaone. Matawi ya ile aina nyembamba yanainama kuelekea chini yakilibana shina, kivuli chake kinamtosha mtu mmoja aliyesimama. Na ukiachwa unapita mita 10, yaani juu ya waya. Ukizaa, popo huja usiku kula matunda yake na kuacha alama zao kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi. Mafundi wanaupendekeza kwa sababu miche yake inapatikana kila kona na haifi ovyo. Hizo ni sababu nzuri kwa anayeuza.

Kwa mama usibishane, kwa sababu ana hoja. Mwembe wa kupandikiza unaweza kudhibitiwa ukabaki na kimo cha mita 4 ukiukata kila mwaka mara baada ya mavuno, na kweli utakula. Tatizo ni pale mbele. Kivuli cha mwembe ni kizito, chini yake hakuoti kitu, na mti wa maembe unaoonekana kutoka barabarani ni mwaliko wa mawe. Watoto wa mtaa hawatasubiri yaive, na madirisha yako yako nyuma yake. Mpe mama sehemu ya nyuma, hata kama ni mita 3 tu, umpandie mstafeli au mlimau. Mstafeli ni mti mdogo, mara nyingi unaishia mita 5 au 6, haupukutiki, na unaanza kuzaa mapema. Mkomamanga nao ni mzuri kwa ua lake jekundu, ila unyevu wa Dar huharibu tunda: linapasuka au linaota madoa. Tunda lake hupendelea kwenye ukame, kama Dodoma.

Miti mingine utakayotajiwa ni mkungu, mwarobaini, fikasi, na ule wa Madagaska ambao matawi yake hulala kwa matabaka, Terminalia mantaly, uliojaa Dar siku hizi. Yote ni mikubwa mno kwako. Fikasi ndiyo mbaya kuliko yote kwa mabomba. Tena mti mrefu mnene hapa mjini huvuta kunguru wa kigeni, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wako kila mahali. Wakijenga kiota juu ya baraza lako utahama wewe.

Niseme kuhusu mizizi, maana najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Wengi wanaamini mizizi inanusa maji ya karo na kulifuata. Haiko hivyo. Mzizi unakua pale penye unyevu na hewa kwa pamoja, na sehemu kubwa ya mizizi ya mti wowote iko ndani ya sentimita 60 za juu. Karo zima, lisilovuja, mizizi inalizunguka na kupita zake. Karo lenye ufa, au bomba lililoungwa vibaya, linalowesha udongo unaolizunguka, na hapo mizizi myembamba huota kwa wingi, ikipata tundu inaingia na kunenepea humo. Kwa hiyo kabla ya kupanda chochote, fundi bomba aangalie maungio kati ya choo na karo. Kwa ukuta ni hivyohivyo: mzizi mwembamba hausukumi ukuta. Tatizo ni shina na mizizi minene iliyo karibu na shina, ile inayonenepa kila mwaka ikiwa imebanwa na msingi. Ndiyo maana umbali wa mita 3 kwa mti mdogo unatosha, na mita 1 hautoshi kwa mti wowote. Walio kwenye mfinyanzi mweusi unaovimba na kupasuka, kama sehemu nyingi za Nairobi au kwenye mbuga za bara, wana shida nyingine ya ziada, kwa sababu mti unaponyonya maji udongo wenyewe husinyaa na msingi kutikisika. Kama udongo wako ni wa kichanga, hauna tabia hiyo.

Sasa kuhusu mahali pa kupanda. Wewe tatizo lako ni jua la alasiri, na jua hilo linaweza kukingwa kwa mti mdogo kuliko unavyodhani. Saa sita mchana hapa Dar jua liko juu sana mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na tena kwenye Oktoba 10 hivi linapita juu ya kichwa kabisa. Kivuli kinaangukia chini ya mti wenyewe. Lakini kufika saa kumi limeshashuka, na kivuli cha kitu kimekuwa kirefu kuliko kimo chake. Mti wa mita 4 na nusu ulio mita 4 magharibi ya baraza unatupa kivuli barazani na kwenye dirisha la sebule kwa wakati uleule unaokutesa. Saa kumi na moja, ukuta wako wenyewe, kama una mita 2, unaanza kusaidia kwa kivuli cha kama mita 5. Maana yake viti vyenu vya jioni vitakaa kati ya mti na baraza, sio chini ya shina. Ukiusogeza mti karibu na baraza, kivuli kitapita juu ya bati na nyinyi mtabaki juani.

Plumeria ziko aina mbili zinazopatikana hapa, na ndipo watu wanapokosea wakinunua. Plumeria rubra ina rangi zote, nyekundu, waridi, njano, nyeupe yenye moyo wa njano, lakini inapukutisha majani yote kiangazi, unabaki na matawi manene matupu. Plumeria obtusa ina ua jeupe lenye doa dogo la njano katikati, na hapa pwani inakaa na majani mwaka mzima. Kuzitofautisha angalia ncha ya jani. Rubra, jani linachongoka. Obtusa, jani linaishia kwa mviringo, ni la kijani kilichoiva na linang'aa upande wa juu. Muuzaji anaweza kukwambia lolote, kwa hiyo njia ya uhakika ni kutembea mtaani mwezi wa nane ukatazame nyua za watu. Plumeria utakayoikuta imejaa majani mwezi huo ndiyo yako. Gonga geti, salimia, omba tawi. Hakuna mtu anayekataa tawi la plumeria.

Nimeichagua kwa sababu hizi. Inatanda mita 4 hadi 5, ndani ya duara lako. Mizizi yake haina nguvu ya kuinua pevingi. Inastahimili mchanga, chumvi ya upepo wa bahari, na kusahauliwa. Majani yake ni makubwa na machache, unayaokota kwa mkono. Harufu yake huzidi usiku: ua halina asali hata kidogo, linawahadaa nondo wakubwa wa usiku kwa harufu tu, nao wanazunguka ua hadi ua bila kupata kitu. Wewe unayekaa barazani baada ya isha ndiye unayefaidi.

Ina kasoro, na ujue mapema. Kivuli chake hakifikii cha mwembe; kuna mwanga unapenya. Kwa kukaa jioni naona ni sifa, lakini kama unataka giza, hutalipata. Matawi yake ni laini ndani, yanavunjika. Bembea hapana, na mtoto wa miaka minne asifundishwe kuupanda. Ukilikata tawi au jani linatoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na ni mbaya machoni, kwa hiyo kazi ya kukata ni ya mtu mzima, na anawe mara moja. Ua likianguka chini watoto wanaweza kuchezea, halina shida kulishika. Jambo la mwisho ni la kimila. Malesia na Indonesia huupanda makaburini, na wako watu hata huku wanaoihusisha harufu yake na mambo hayo. Kama mama ni mmoja wao, ni bora ujue kabla hujachimba shimo.

Usinunue mche mdogo wa kwenye kiriba. Plumeria inaota kwa tawi, na tawi nene linaota vilevile kama jembamba, kwa hiyo anza na tawi lililonyooka la mita 1 hadi 1 na nusu. Umeokoa miaka. Likate mwishoni mwa Januari, kwa msumeno, panga linapasua. Ondoa majani makubwa yote ubakize yale madogo ya kwenye ncha. Usiingize udongoni siku hiyo! Liegemeze kivulini, pakavu, wiki 2 hivi, mpaka jeraha likauke na kufunga gamba gumu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: tawi bichi likizikwa kwenye udongo wa maji linaoza kuanzia chini, na kwa juu bado linaonekana zima. Likishakauka, liweke kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye mchanga mwingi na udongo kidogo, sentimita 20 ndani, ulifunge kwenye fito ili lisitikisike. Ndoo ikae barazani, mvua isiifikie moja kwa moja. Maji kidogo mara moja kwa wiki. Majani mapya yakifunguka vizuri, wiki 6 mpaka 8 baadaye, mizizi ipo. Utakuwa umeangukia ndani ya masika, na ndio wakati wa kuuhamishia ardhini.

Shimo ndilo kazi halisi. Nyumba mpya ina siri yake chini ya ua: kifusi. Mafundi huzika vipande vya tofali, mabonge ya saruji, misumari na mifuko, halafu wanasawazisha kwa udongo mwekundu panaonekana pazuri. Juu yake yamepita malori ya mchanga na kokoto, pakashindiliwa. Chimba upana wa mita 1, kina cha sentimita 60, utoe yote ambayo si udongo. Jaza ndoo mbili za maji humo jioni. Asubuhi yakiwa bado yapo, pasua chini zaidi au pandisha tuta, maana plumeria haivumilii kusimama kwenye maji. Rudisha udongo ukiuchanganya na samadi iliyooza, debe moja linatosha. Mti ukae kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye ndoo. Fito mbili, kamba laini, na uzitoe baada ya mwaka.

Halafu pevingi. Najua utaweka, kila mtu anaweka. Lakini acha duara la wazi lenye upana usiopungua mita 1 na nusu kuzunguka shina, lizungushie tofali kama unapenda mstari mnyoofu, ndani uweke matandazo ya nyasi kavu. Yasiguse shina, mchwa wapo. Ua uliozibwa kwa pevingi mpaka shingoni mwa mti ndio unaozaa visa vingi vya mizizi kuinua vitofali: hewa na maji vimebaki palepale chini ya vitofali, mizizi itaenda wapi?

Kiangazi cha kwanza mwagia ndoo moja kwa wiki. Baada ya hapo utaishi kwa mvua. Mwaka wa nne au wa tano mtakaa watu wanne kivulini.

Wadudu si wengi. Ukiona weupe kama pamba chini ya majani, ni kidung'ata, hasa yule wa mipapai, ambaye anaipenda plumeria pia. Kama jirani ana mpapai unaougua, atakuletea. Maji ya sabuni ya kufulia, kwa bomba la mkono, jioni, rudia baada ya siku chache, kwa kawaida inatosha. Unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani ni ukungu wa kutu. Okota majani hayo uyachome, usiyaache chini ya mti.

Chini ya plumeria, upande wa kulia mbali kidogo na karo, pana nafasi ya kitu kimoja kifupi, na hapo ningeweka mkilua. Huu ni wa kwetu kabisa: unaota porini kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu, na wataalamu wa mimea walipoupa jina walichukua la Kiswahili likawa jina la jenasi, Mkilua fragrans. Umezoea kukaa chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kivuli cha plumeria kitaufaa. Ni kichaka, unakua polepole. Ua lake si la kutazamwa, lina rangi ya kijani na njano, limejificha. Ni la kunusa. Ndilo linalofungwa kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Miche yake ni adimu Dar. Ulizia Zanzibar au Tanga.

Kuna viwili usivilete kabisa nyumba yenye watoto wadogo, na vitaluni vimejaa kwa sababu vinachanua mapema. Cha kwanza ni thevetia, ule wenye jani jembamba refu na ua la njano kama kengele. Mbegu yake ina sumu inayosimamisha moyo, na tunda lake liko usawa wa mkono wa mtoto. Cha pili ni oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, sumu ya aina hiyohiyo, kwenye jani, ua na kijiti.

Wale wa bara mtakaosoma hapa, msinakili. Arusha na Nairobi plumeria inaonewa na baridi. Huko ningeanza na mti wa brashi wa Australia, wenye maua mekundu ambayo chozi hawaondoki, au bauhinia, wenye jani lililogawanyika kama kwato. Jacaranda ni kwa viwanja vikubwa, sio mita 20 kwa 20. Dodoma na Singida, tafuteni mkundekunde, mti wa asili wa ukame ambao hujaa maua ya njano mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka.

Nikurudie wewe. Plumeria huchanua kwenye ncha za matawi tu, na baada ya kuchanua ncha hiyo hugawanyika ikawa matawi mawili au matatu. Fundi wako akija na mkasi akaufanya duara kama anavyofanya fikasi, ameondoa ncha zote na umekosa maua ya msimu mzima. Mwambie kabla hajaanza. Miaka mitatu ya kwanza aondoe tu machipukizi ya chini ya mita 2, ili kichwa kikae juu ya watu. Baadaye, kama kuna tawi linaloelekea kwenye waya au linalogusa bati, alikate lote pale lilipoanzia, mwezi wa nane au wa tisa wakati utomvu ni mchache. Asikate nusu.